Nilizua Nyani, Sasa Anapendwa Kuliko Mimi

Mpendwa mshauri Selipher, nakuandikia nikiwa nimekwama na Alhamisi inakuja mbio,

Jina langu ni Protas, na kabla sijaeleza shida ujue kwanza unaongea na mtu wa aina gani, mimi ni dereva wa nyumba kule Riyadh, bosi wangu haingii gari mpaka nishike usukani mimi, theluji pia naijua, tulienda Tabuk ikanifika kifuani, gari likazama nikalibeba, na shule niliacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na cha kunifunza. Basi kila Desemba nikipewa likizo napanda basi pale Batha naenda Jedda, mtaa wa Ruwais, kwa mpwa wangu Nekesa ambaye ni nesi. Ana watoto wawili, Victor ambaye anauliza maswali kama polisi wa barabarani, na Jael ambaye ameng'oka meno ya mbele, na huyo Jael, wacha niseme tu, ndiye anayenipandisha hilo basi, maana mwaka mzima naendesha watoto wa watu na hakuna hata mmoja anayenikimbilia mlangoni akipiga kelele "Anko amekuja!"

Sasa mwaka huu Nekesa akasema watoto watengeneze biskuti za Krismasi za kupamba, ni kazi rahisi, unga, siagi, sukari na yai, unasukuma kama chapati halafu unakata kwa mdomo wa finjani, vikishaiva unaunganisha viduara viwili, mtu wa theluji huyo, unampaka sukari laini iliyokorogwa na limau, unamnyunyizia nazi kavu, macho ni punje nyeusi za habasoda, vifungo vya koti ni vipande vya tende, na kiyoyozi mnakiwasha mpaka mwisho ili sukari igande na nyinyi mpate baridi ya sikukuu, kwa sababu nje hapa Jedda watu wanatembea na shati. Mimi nilisimamia. Nilikaa kwenye kiti nikawaambia jinsi nilivyompikia tajiri mmoja keki ndefu mpaka wakaita gari la zimamoto lenye ngazi ili waikate juu.

Walipomaliza wakaenda kuoga, nikabaki jikoni peke yangu, na juu ya friji nikaona sahani imekaa kivyake, imefunikwa kitambaa safi, ndani kuna biskuti moja kubwa kushinda zote, imepambwa mpaka ina mshipi. Mshauri, wewe ni mtu wa kwetu, hebu niambie. Kitu kizuri, kikubwa, kimetengwa na kufunikwa, na nyumba ina mjomba mgeni, hiyo si firigisi? Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwanamume mkubwa aliyepo, haiombwi, haiulizwi, inaliwa. Nikala. Halafu nikairudisha sahani na kitambaa chake juu, mimi ni mtu wa heshima.

Jael akaja, akashushiwa sahani, akafunua, akapiga ukemi ambao nadhani ulisikika mpaka Balad, mji mkongwe. Na mimi kabla akili haijafika, neno lilikuwa limeshatoka mdomoni: "Nyani!"

"Nyani gani?" akauliza Victor.

"Wa milima ya Taif. Nimemwona kwa macho haya. Ana mvi kama mzee wa kanisa."

"Amepanda mpaka ghorofa ya nne?"

"Kwa mabomba ya viyoyozi."

"Na alipomaliza kula akafunika sahani?"

"Nyani wa huku wamelelewa, kijana. Si kama wale wa kwetu wa kuiba mahindi."

Jael alikuwa analia mpaka anakwama. "Ilikuwa ya Anko! Nilitaka kumpa Ijumaa mbele ya watu! Nilimwekea hadi tumbo!"

Mshauri, nilikuwa nimeiba zawadi yangu mwenyewe. Nekesa aliniangalia ndevu, zimejaa nazi, akasema tu, "Anko, mvi zimekuota ghafla," akachukua mkoba akaenda zamu.

Nilidhani yameisha, kumbe ndiyo yanaanza. Kesho yake mtoto akaweka biskuti dirishani, ati labda huyo nyani ana watoto Taif na ilikuwa njaa. Sasa ikibaki pale si Victor atanikamata? Nikaila, kwa kulinda heshima ya nyani. Kesho yake ikawekwa nyingine, imepakwa rangi mbili. Wakampa jina, Gilbert. Gilbert anapambiwa biskuti kuliko mtu yeyote wa nyumba hii, na tumbo linaloongezeka ni langu. Juzi niliomba moja waziwazi, Jael akaisogeza mbali akaniambia, "Anko ngoja, hiyo ni ya Gilbert. Wewe kuna chapati." Mimi! Na sasa akisikia mlango hakimbilii mlangoni, anakimbilia dirishani.

Na Alhamisi jioni ndiyo kiama. Jael anaoka biskuti kubwa kama ile ya kwanza, yenye sura ya Gilbert, na wamealika watoto wa majirani wote waje kuona, na mimi nimewekwa nyuma ya pazia nimkamate mzimamzima, kwa sababu niliwahi kuwaambia nilinyonga chui kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ulikuwa umeshika chai. Biskuti isipoliwa, nimeumbuka. Nikiila, nimemwibia mtoto tena. Nimefikiria kusema Gilbert amekufa, lakini atalia. Nimefikiria kusema amepata kafili mpya, bosi wa kumdhamini, Riyadh, lakini Jael atanifungia katoni nimpelekee. Nifanye nini? Jumamosi narudi kazini, na sitaki atakayeagwa mlangoni awe nyani.

Ni mimi Protas, mtu asiyeogopa kitu, naogopa.

* * *

Mzee Protas,

Nimekujibu mbele ya foleni yangu, wengine wataniwia radhi, wao wana waume tu, wewe una nyani.

Nimecheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Halafu nikarudia pale mtoto aliposema "nilimwekea hadi tumbo," kicheko kikaisha. Mzee, huyo mtoto alikaa chini akakuchora wewe kwa unga, mshipi na kitambi, akakufunika kwa kitambaa ili akupe mbele ya watu. Ungengoja hiyo Ijumaa tu! Mwizi wa kuiba mali yake mwenyewe mimi sijawahi kumpokea kwenye safu hii, na nimepokea wengi.

Habari ya firigisi usinipige nayo. Mimi pia nimekulia penye kuku. Firigisi huletwa mezani ikiwa imeshikwa kwa mikono miwili na mwenye nyumba. Mjomba haifuati juu ya friji.

Hadithi zako sikukatazi. Ya chui na ya keki ya zimamoto watoto wanazijua ni za kuchekea, waulize. Ya Gilbert ni tofauti, kwa sababu ulijificha nyuma yake mtoto akilia. Na hujaona jambo moja. Umemwonea wivu nyani, lakini Jael anampelekea chakula kwa kudhani alikuwa na njaa. Mtoto aliyemhurumia mwizi wa milimani atashindwa kumhurumia mwizi wa jikoni? Nekesa naye anajua tangu siku ile ya ndevu. Anangoja tu uwe mtu mzima, na yeye ni nesi, amezoea kungoja wagonjwa wakubali dawa.

Fanya hivi. Usimuue Gilbert, usimhamishe, usimtafutie ikama, kibali cha kukaa huko. Alhamisi asubuhi, kabla unga haujachungwa na kabla mtoto wa jirani hajapiga kengele, mwite Jael peke yake. Mwambie, "Nyani alikuwa mimi. Nilikula, nikaogopa, nikadanganya. Nisamehe." Halas, basi. Usiongeze Taif, usiongeze mabomba. Atakasirika, mwache akasirike, usimchekeshe ili apoe haraka. Halafu omba kazi, si biskuti. Chunga unga, osha trei, kata tende, ukisimamiwa na yeye akiwa amekaa kwenye kile kiti chako. Jioni majirani wakija, yeye ndiye ataamua wataambiwa nini. Na biskuti kubwa akimpa Victor, utampigia Victor makofi.

Neno la mwisho, na hili ndilo nakuomba ulishike. Mwambie ukiwa umesimama. Nakujua sasa: ukikaa, utaanza kusimulia.