Ng'ombe wa Kutuliza Majirani

Tukuyu, Jumapili

Mpendwa kaka Jairo,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Doreen na mtoto Hellen ni wazima huko Morogoro. Sisi tunapumua, mvua haijakatika tangu Pasaka, na Mama anakusalimu. Baada ya salamu, nisikilize vizuri, maana nimechoka.

Uliniahidi utakuja kupimwa damu. Badala yako ikaja hela ya ng'ombe. Jamani, kaka! Bwana shamba mzima!

Chanzo unakijua. Tulipomzika dada Alinanuswe, wa tatu katika ukoo kuondoka kijana kwa saratani, baba mdogo Ambindwile alisema ni pumzi za majirani. Eti kwenye msiba wa Baba tuligawa nyama kiduchu, wakanung'unika, na manung'uniko hayo ndiyo yanayotuingia mwilini. Dawa ni kuchinja ng'ombe, washibe, waseme hadharani mioyo yao imetulia.

Nikasimama kwenye kikao cha ukoo pale Kyimo, mimi mwalimu wa baiolojia, nikaeleza mpaka koo likakauka. Kwamba kila seli ina protini inayoilinda. Seli huitengeneza kila wakati, na protini nyingine huikamata iharibiwe, kwa sababu mlinzi akizidi wakati wa amani atasimamisha kazi bure. Vinasaba vikikatika, king'ora kinalia, yule mkamataji anazuiwa, walinzi wanajaa, na seli inaacha kugawanyika mpaka itengenezwe. Ikishindikana, inaamriwa kufa. Nikasema daktari wa Dada alikuta mlinzi wake alikuwa mbovu tangu kuzaliwa, na huenda nasi tumerithi, hivyo tupimwe, ili wenye kasoro wawe wanachunguzwa mapema.

Baba mdogo akauliza ni punguani gani anayeajiri mlinzi asubuhi na kumfukuza jioni, kila siku ya Mungu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Asajile naye akaongeza kwamba mlinzi hafui dafu mbele ya majirani waliokasirika. Nikakaa chini. Ungekuwepo ungenisaidia, lakini wewe ulikuwa unatuma muamala!

Basi jana ng'ombe akachinjwa. Majirani wakala, kila mmoja akasimama kusema hana kinyongo na nyumba yetu. Baba mdogo akawaambia ndaga fijo, asanteni sana, kisha akatangaza kwamba tumepona. Tumepona! Nilitaka kulia kwa hasira.

Na nililia, ila si kwa hasira. Kaka, mimi nilishapimwa. Majibu yalitoka kabla ya kile kikao: mlinzi wangu ni mbovu kama wa Dada. Nilimwambia Mama peke yake, na ndiyo maana alikupigia akilia kuomba ng'ombe. Nilimkataza asikuambie sababu. Kwa hiyo jana, jirani yetu Mama Ackson aliponishika mkono na kusema moyo wake ni mweupe kwangu, nilipokea nyama nikala yote, mimi niliyebishana na ukoo mzima. Najua haikutengeneza hata seli moja. Lakini naogopa, kaka, na nilihitaji kusikia maneno yale.

Mimi nimekula ng'ombe wako. Sasa na wewe njoo utolewe damu, maana kama unayo kasoro hii, huenda na Hellen anayo.

Msalimie wifi, umbusu mtoto. Mama anasema uje na sweta, baridi ya huku umeshaisahau.

Mdogo wako,
Lugano