Bosi na somo la "boycott"

Mwenzangu, nina hasira hizo!

Bosi wa saluni amenicheka mbele ya wateja eti sijui "boycott". Mbele ya wateja!

Akajishaua kunieleza: kitenzi cha Kiingereza, kimetokana na jina la msimamizi wa mashamba aliyewanyanyasa wakulima hadi wakamsusia. Hakuna kumvunia, hakuna kumhudumia, hata salamu hakuna.

Sisi wasusi tukatazamana.

Mchana akafumua nywele zake, akajitupa kitini. "Haya, nani ananisuka? Jioni nina harusi!"

Hakuna aliyegeuka.

"Mmekuwa viziwi?"

Nikamwambia, "Bosi, si umetufundisha mwenyewe?"

Ameondoka na kilemba, mwenzangu! Akitaka kunifukuza, anifukuze. Jina lake tumeshalifanya kitenzi.