Rangi Zilizomwinua Mama Kitini

Nyumbani kwa Mama,
Nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 22 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado unamsumbua akiinama? Na watoto je? Nasikia Kifungo, yule mdogo wao, ameota meno mawili ya mbele na sasa anamuuma kila anayembeba. Mwambie shangazi yake anakuja na mashavu ya akiba.

Sisi huku wazima. Mimi nina rangi tatu kwenye kucha na shingo inaniuma kwa kutazama dari, lakini sijambo. Mama naye... Ngoja. Habari za Mama nataka nikupe taratibu, nisije nikazimwaga zote mlangoni.

Najua barua yangu ya mwisho ilikukosesha usingizi. Nilikuandikia kwamba ameanguka, amevunjika kifundo cha mkono, na tangu siku hiyo hataki kutoka kwenye kiti. Ukajibu upesi kwamba umeshamwandalia chumba, utakuja kumchukua mwezi wa tano ahamie kwako moja kwa moja. Sikukulaumu hata kidogo. Kilichonitisha ni kwamba nilipomsomea barua yako, Mama hakubisha. Mama yetu! Miaka arobaini kwenye cherehani akibishana na wateja waliomletea kitambaa kifupi wakitaka gauni refu. Alisema tu, "Sawa, mtakavyoona." Nikaenda jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Wiki iliyofuata nikampeleka kliniki ya macho. Daktari akarudia yale yale: presha ya macho ikishaiba uoni hairudishi tena, matone ni ya kulinda kilichobaki. Tukiwa tunasubiri dawa, muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya upole, akaniuliza swali la ajabu: "Milango ya kwenu ina rangi gani?"

Nikamjibu kwa maringo. Si unajua mwaka jana nilivyoipamba nyumba? Kuta krimu, milango krimu, fremu krimu, hata vigae vya sakafuni krimu, ili pang'ae na paonekane papana. Kila mgeni aliyeingia alisifu. Muuguzi akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba jicho la Mama sasa linategemea tofauti ya rangi ili lijue kitu kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Ile ngazi moja ya kushukia jikoni, pale alipoangukia, ilikuwa krimu juu ya krimu. Kaka, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimemzimia Mama taa mchana kweupe, kwa brashi yangu mwenyewe, nikasifiwa na kusifiwa.

Tulipofika nyumbani nikajaribu. Nikaweka kikombe cheupe cha maziwa juu ya meza yetu ya krimu. Mama akapapasa, vidole vikapita pembeni. Nikatandika kitambaa cheusi chini ya kikombe kile kile. Akanyoosha mkono, akakamata kishikio moja kwa moja, akanywa. Nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amekufa!

Kesho yake asubuhi nikamwita fundi rangi. Mtaa mzima unamwita Makoti, kwa sababu kila ukuta kwake lazima upate makoti matatu ya rangi, hata ukimpigia magoti akupakie mawili. Mimi unanijua nikishapata wazo. Nikataka mlango mwekundu, mlango wa njano, mlango wa kijani, na kila ukuta uwe na rangi yake. Makoti akapaka vipande vya majaribio sebuleni, vinane kwa hesabu yangu.

Mama alikuwa kitini kwake. Ghafla akauliza, "Mnafungua sarakasi humu?"

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili yake, ili aone.

"Kila kitu kikipiga kelele, mimi nitamsikia nani?" akasema. "Niletee gunia langu la vitambaa."

Kaka, nililiburuta gunia lile mbio. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki sita Mama kuagiza kitu.

Akatufundisha mimi na Makoti kana kwamba tulikuwa wanafunzi wake wa kushona. Gauni, alisema, lina mwili, lina kola, lina vifungo. Mwili wa chumba ni kuta. Ziwe tulivu, zikubebe. Kola ni milango na mapazia. Hapo weka rangi nzito ili mtu ajue shingo iko wapi. Vifungo ni vitu vidogo vya kuwaka: swichi, ukingo wa ngazi, kitasa. "Sasa wewe ukishona vifungo mpaka mgongoni na kwapani, umeshona nini?" Makoti akainamisha kichwa kama yeye ndiye aliyeshona.

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kitambaa kwa kitambaa. Ninashika kimoja ukutani, kingine juu yake, Mama anatazama akiwa kitini. Akiona mpaka, tunakiweka upande wa kulia. Asipouona, kinarudi guniani. Makoti alibishana naye juu ya samawati na kijivu. Alisema hizo ni rangi mbili mbali kabisa, hata mtoto anajua.

"Kwako ni mbili," Mama akajibu. "Kwangu ni pacha. Toa."

Makoti akarudi nyuma mpaka mlangoni, akafumba macho nusu, akatazama. "Ni kweli," akasema. "Zimemezana." Miaka ishirini anapaka nyumba za watu, na siku ile ndipo alipogundua kwamba rangi zinaweza kutofautiana jina na kulingana uzito. Tangu hapo anamwita Mama "Fundi Mkuu", naye anaitika bila aibu!

Usidhani hatukuharibu. Mama anaipenda rangi ya damu ya mzee, si unakumbuka kanzu zake zote za sherehe? Akaamuru ukuta mkubwa wa sebule upakwe hiyo. Nikakataa, akakaza, tukapaka. Kufika saa sita mchana sebule ilikuwa kama ndani ya sanduku lililofungwa. Mwanga wote wa dirishani ukaingia ukutani usirudi. Mama akasimama aende chooni, akashindwa kurudi kitini, kiti kiko hatua mbili mbele yake. Nilidhani atakata tamaa upya. Akaanza kucheka, kaka, anacheka ameshika mkono wangu, machozi yanamtoka. "Hapo nimechemka, mwanangu. Nimevaa gauni la kola tupu." Makoti akavuta pumzi ndefu, akafungua ndoo nyingine. Makoti matatu juu ya matatu.

Sasa sikiliza nyumba ilivyo. Sebule ina kuta za njano iliyopoa, kama siagi, na ile damu ya mzee imebaki milangoni na kwenye mito ya makochi. Hapo inakaa vizuri sana, inakuonyesha njia bila kukukaba. Chumbani kwa Mama kuta ni kijani cha majani machanga, na shuka la juu ni bluu nzito ili aone kitanda kinapoishia. Sakafu ya kuelekea jikoni nimeifunika zulia la kijivu cha makaa, na ukingo wa ile ngazi una mstari wa rangi ya chungwa, upana wa kiganja. Swichi zote zimezungushiwa fremu nyeusi. Bafuni sinki jeupe linang'aa mbele ya ukuta wa kijani kizito, na choo nimekivalisha kifuniko cha bluu. Mjomba alipotutembelea alitoka humo akisema hajawahi kukalia kiti cha waziri mpaka siku ile.

Mimi nimezoea, nikitoka kazini duka la dawa, nafungua mlango kwa ufunguo wangu, kwa sababu Mama alikuwa hainuki. Alhamisi nimesimama nje, mkono mmoja umeshika mfuko wa mboga, mwingine umezama ndani ya pochi unatafuta ufunguo, mlango ukafunguka. Mama huyo, amesimama. Hana fimbo, hajashika ukuta.

"Karibu, mwanangu. Pole na kazi."

Nikabaki nimemkodolea macho. Akauliza kama siingii. Akaupokea mfuko kwa mkono wake mzima, akageuka, akatangulia jikoni. Kwenye ngazi hata hakupunguza mwendo. Nilimfuata nyuma, ufunguo bado uko ndani ya pochi.

Kwa hiyo, kaka, lile jambo la kuhamia kwako naomba uliweke kando. Si maneno yangu. Nimemsomea barua hii mpaka hapa, na amenituma niandike kama anavyosema: "Mwambie mwanangu nashukuru kwa chumba. Nitakuja kukilalia wiki mbili, nimwone Kifungo na meno yake, kisha nirudi kwangu. Ila mwezi wa tano haiwezekani. Nina kazi."

Ndiyo, umesoma vizuri. Makoti amepewa kazi ya kupaka shule ya chekechea ya mtaa wa pili, ambako wapo watoto wawili wasioona vizuri, na amekataa kufungua ndoo hata moja bila Fundi Mkuu. Wanaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi huo wa tano. Mama ameshapiga pasi gauni la kuvaa. Wewe njoo mwezi wa sita.

Nisalimie wifi yangu sana, na mama mkwe wako, na watoto mmoja mmoja. Mjomba anawasalimu, na Makoti pia, ingawa hamjuani. Mwenyezi Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, azidishe afya ndani ya nyumba yenu.

Nakupenda, kaka yangu, kama siku zote.

Mdogo wako, mwenye rangi mpaka kwenye nywele.