Vali ya Mlima Kidugaro

Gerezani, Dar es Salaam
4 Mei 1954

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama hamjambo huko shambani. Mimi sijambo, ila mvua imeigeuza Msimbazi yote tope, na kila asubuhi nafika karakana kwa Bwana Jitendra nimelowa.

Baba, nimeshtuka. Vali ya usalama ya injini yako ya kuvuta mabehewa ya mkonge imeletwa kwetu isafishwe, na aliyeifungua ni mimi. Ndani nimekuta kipande cha bomba kimevishwa kwenye springi. Springi haibonyei, kwa hiyo vali haifunguki, na mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Boila litapasuka nawe umesimama mbele yake! Nani kafanya hivi? Nimekitoa. Tafadhali kisirudi.

Mwanao,
Augustino

Kidugaro
15 Mei 1954

Mwanangu Augustino,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakusalimu na anauliza utaoa lini.

Kipande hicho nilikiweka mimi. Huku kwetu dereva ambaye injini yake inapuliza mvuke mlimani anaitwa mpika uji. Wakata mkonge huacha kazi wakampigia makofi ya dhihaka. Kwa hiyo madereva wote tunaziba. Mwenzangu Mwinyimvua ndiye aliyenifundisha. Tena si aibu tu. Vali ikishafunguka haifungi upesi, mvuke unakwisha, tunakwama na mabehewa yote. Vali imerudi, na nimeshakata kipande kingine. Wewe shika tupa yako, injini niachie mimi.

Baba yako,
Bakili

Gerezani
9 Juni 1954

Baba,

Shikamoo, na mama pia. Nimekasirika, nakwambia wazi. Hata hivyo barua yako nilimsomea Bwana Jitendra. Alicheka sana hapo kwenye mpika uji, kisha akasema, "Lakini mzee ana haki. Kama haifungi, ataachaje kuiziba?"

Basi tukaanza kazi. Tulichukua vali nyingine ya aina hiyo hiyo, tukakuta kitako inapokalia kimelika. Tumekisaga upya na kuweka springi mpya. Tena tumeizungushia ukingo, ili mvuke ukianza kutoka uinyanyue vali kwa mara moja. Kwanza ukingo ulikuwa mpana mno, ikafunguka ikakataa kufunga. Tukaupunguza kwa tupa, tukajaribu, tukaupunguza tena, hadi vidole vimeungua. Sasa inaruka, inapumua, inajifunga.

Uwesu, dereva wa lori, anakuletea. Juu ina kifuniko cha chuma na kufuli, ufunguo ninao mimi. Ukitaka kuvunja, vunja. Ila Jumamosi tarehe 26 nakuja, na nitapanda nawe mlima huo. Ukiziba, umeziba na mimi nimo.

Mwanao,
Augustino

Kidugaro
19 Juni 1954

Mwanangu Augustino,

Hatujambo.

Uwesu alileta vali Jumanne, nikaifunga kwenye boila mwenyewe. Kufuli sikuligusa, ingawa nilikutukana vya kutosha. Ulisema utapanda, na nakujua, kichwa kigumu umekirithi kwa mama yako. Mimi kazi ya mikono yenu nilikuwa siijui. Ningekupandishaje kwenye injini nisiyoijaribu?

Basi jana nilimshusha mtia kuni chini ya mlima, nikamwambia asinifuate. Nikatia kuni mwenyewe, nikazidisha kusudi, mpaka mshale wa geji ya mvuke ukafika kwenye alama nyekundu ukapita. Niliogopa, Augustino. Miaka yote nimeziba vali na sikuwahi kuogopa, kwa sababu aliyekuwa anasimama pale ni mimi. Jana nilikuona wewe.

Vali ikaruka kwa kishindo. Ikapuliza kidogo, ikafunga. Mvuke ukabaki, nikafika juu na mabehewa yote. Wakata mkonge walinipigia makofi ya mpika uji mpaka wakachoka. Mwinyimvua sasa anataka ya kwake, mwambie Bwana Jitendra.

Mama yako hajui habari ya jana, usimwambie.

Njoo Jumamosi. Sasa unaweza kupanda.

Baba yako,
Bakili