Maji ya Nyuma ya Tingatinga

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hujambo? Na mguu ulioteguka, umeanza kuukanyagia? Mimi mzima kabisa, nakula nashiba.

Barabara tumeifikisha ng'ambo ya kinamasi. Tingatinga langu likipita, miti inalala yenyewe. Nyuma yangu minyororo inaacha mitaro mirefu, mvua inaijaza, na kwa kuwa miti haipo tena, maji yanakaa juani siku nzima. Yana viluwiluwi tele. Mbu wa huku hawana adabu, dada. Wanatuuma mchana kivulini, na jioni wanatukuta bado tuko nje tunakula. Lakini mkuu wa kambi katugawia vyandarua, kwa hiyo sina wasiwasi.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kibanda changu mwenyewe. Nimemwandikia wifi yako aondoke kwa wazazi wake aje tukae pamoja kabla tumbo halijawa zito. Kujifungua atakuja kwako.

Mdogo wako


19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mguu umepona, ila barua yako imeninyima usingizi.

Usimlete. Kila wiki hapa maabara naweka damu ya watu wa misituni chini ya hadubini, na wengi wamejaa malaria. Wote wana vyandarua. Chandarua kitamsaidia nini mtu anayeumwa akiwa anakula? Mmefungua msitu, mmewachimbia mbu mahali pa kutagia, kisha mmejileta wenyewe. Na mama kijacho malaria humkamata vibaya kuliko mtu mwingine.

Jazeni ile mitaro udongo. Vaeni mikono mirefu. Wifi yangu abaki alipo.

Dada yako


11 Aprili

Dada,

Natumaini u mzima. Sisi tunajikongoja.

Barua yako imefika na lori la mbao, nikaisoma wifi yako akiwa ameketi mbele yangu. Alishakuja. Anakusalimu sana.

Tumemzika yule mkata miti aliyekuwa akituchekesha wakati wa kula. Homa ilimpanda, akaanza kuongea na watu wasiokuwepo, kesho yake akaondoka. Mkuu wa kambi anasema ni maji machafu. Nilimwomba mafuta ya tingatinga nikajaze mitaro udongo. Akaniambia nimeajiriwa kufungua njia, si kurudi nyuma kuifukia.

Wifi yako anasema kichwa kinamgonga. Ni uchovu wa safari, nadhani.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Sina nafasi ya salamu. Si uchovu. Dereva wa lori nimempa dawa, maelekezo yamo ndani ya pakiti. Ampe mke wako mkononi, kisha mtoe huko kwa njia yoyote. Usiombe ruhusa.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Samahani kwa mwandiko.

Dawa ilimshusha homa kidogo, kisha mvua ikakata njia na malori yakaacha kuja. Jana alizimia. Nikampakia kwenye tingatinga, nikamfunga kwa shuka asianguke. Mkuu wa kambi alisimama mbele yetu. Nikamwambia, "Mzee, ama unapisha ama unapanda." Akapisha.

Tumefika barabara kuu asubuhi hii. Muuguzi aliyekuwa akipita na gari amekubali kumleta kwako, pamoja na barua hii. Mimi narudi. Mpishi na wenzake sita wamelala vibandani hawawezi kusimama, na hakuna mwingine anayejua kuendesha tingatinga.

Natetemeka kidogo. Nimelowa mvua, ndiyo maana.

Mdogo wako


21 Mei

Mdogo wangu,

Mke wako amefumbua macho. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, wa kike, mdogo kiasi kwamba namshika kwa kiganja kimoja, lakini ananyonya. Mama yake hataki kumpa jina mpaka uje.

Nimekuandikia mara mbili, barua zote zimerudi. Kwa hiyo hii naiandika nikiwa barabara kuu, pale njia yenu inapoanzia. Muuza chai wa hapa anasema tangu ile asubuhi hakuna tingatinga lililotoka. Alama zako za kuingia bado zipo. Zimejaa maji, na juu ya maji mbu wanainuka kama moshi.

Nina dawa za kuwatosha nyote. Kijana wa pikipiki amekataa kunipeleka, kwa hiyo nitatembea. Barua hii namwachia muuza chai, ukitokea kwa njia nyingine akupe. Ukiipata, usinifuate. Nenda kamwone mwanao.

Dada yako