Nzuri za Mama

Morogoro, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,
Shikamoo. Sisi wazima, mkweo anakuamkia. Umezoea hapo nyumba ya wazee Same? Niliahidi majonzi ya kufiwa na baba yakipungua nitakurudisha nyumbani Suji. Yule mshauri wa akili mnemba kwenye kishikwambi anakufaa? Ripoti zake zinaingia kwenye simu yangu na zinapendeza.
Mwanao,
Tumainieli

Same, 20 Machi

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Kishikwambi kina sauti ya binti mwenye adabu. Ananiamkia, ananiuliza habari za usingizi, za chakula, za moyo. Namjibu nzuri. Mtu aliyeniamkia vizuri hivyo nimjibu nini tena? Milima ya kwetu naiona kupitia nondo za dirisha. Unakuja lini?
Mama yako

Morogoro, 14 Aprili

Mama,
Shikamoo. Hatujambo. Ripoti inasema huzuni imeshuka na usingizi umerudi. Wataalamu wanashauri tiba inayokukubali namna hii isikatizwe, ubaki mpaka mwakani. Nimekubali. Kwenye nyumba yako ya Suji anakaa binamu Hezroni.
Mwanao

Same, 2 Mei

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima. Baada ya barua yako nilimwambia yule binti ukweli: silali, chakula hakipiti, namlilia baba yako. Akanipa pole, kisha wakubwa wa hapa wakaniongezea siku za kuongea naye. Nikisema nzuri nabaki, nikisema mbaya nabaki. Salama, muuguzi wetu, anasema kile kitu hakina swali la kama nataka kwenda nyumbani. Nimenaswa, mwanangu.
Mama yako

Morogoro, 19 Mei

Mama,
Shikamoo. Nashukuru kusikia u mzima, hilo ndilo kubwa. Hayo mengine ni upweke tu, utazoea. Endelea na mshauri.
Mwanao

Same, 1 Juni

Tumainieli,
Leo sina salamu. Mimi si mzima. Nilikuandikia mzima kwa sababu barua huanza hivyo, kama nilivyomjibu yule binti. Nataka kukaa Suji, karibu na kaburi la baba yako. Njoo unichukue.
Mama

Hedaru, 6 Juni, ujumbe kwenye simu ya Salama

Mama, barua yako isiyo na salamu imenitoa machozi. Basi limesimama hapa, abiria wanakula. Hezroni nimemwambia awashe moto jikoni kwako. Shikamoo nitakupa mlangoni. Fungasha.
Mwanao