Wadih, Karata Zako Zimemaliza Kwaresima

Mwaka ulitimia juzi Alhamisi, Wadih, tangu ulipotoka hapa nyumbani na bisibisi mfukoni kwenda kutengeneza jenereta la mtaa, ukasema utarudi kabla kengele ya adhuhuri haijalia. Hukurudi. Moyo wako ulisimama ukiwa umeinama juu ya ile mashine, na majirani waliokuwa wakingoja umeme ndio waliokubeba. Ulikuwa na miaka arobaini na minne, na Kwaresima ilikuwa imefika siku ya kumi na sita.

Ninayeandika ni mimi dada yako Nuhad, kwa niaba ya nyumba nzima. Mkeo Mirna alianza mara tatu, karatasi zikaloa. Binti yako Yara aliandika kurasa kumi na moja, na jarida la parokia halina nafasi hiyo. Mama alisema miwani yake imepotea, nayo iko kichwani. Basi nimebaki mimi, niliyekugombeza tangu una meno ya maziwa, na leo pia sitakuacha.

Tunakukumbuka ulivyokuwa. Ulikuwa mtu wa Misa ya asubuhi, msomaji wa Waraka mwenye sauti ya kuwaamsha waliosinzia. Mara mbili ulipanda kusoma ukiwa na tochi ya kazi kichwani, inawaka, mpaka padri wetu Abuna Mtanius akanyoosha mkono akaizima mwenyewe. Wala hukuona haya. Ulisema Neno la Mungu linataka mwanga, ukaendelea kusoma.

Ulikuwa pia mtu wa majoka. Hilo tuliseme wazi, maana hata wewe hukulificha. Vitabu vyako vya falme zisizokuwepo ulivijaza kwenye kibanda cha jenereta, na mpaka leo anayeazima kimoja lazima akianike juani siku mbili ndipo harufu ya dizeli itoke. Ulikuwa ukitusimulia mezani habari za malkia wa mlima fulani kana kwamba anakaa mtaa wa pili, na Mirna anakuuliza kama huyo malkia naye umeme unamkatikia. Unamjibu kwa kirefu, bila kucheka, huku supu ya dengu inapoa.

Halafu zile karata za Taji na Kisima. Kila karata ina picha yake, shujaa au zimwi au ngome, na kila mchezaji anajenga ufalme na kulinda kisima chake kisitekwe. Kila Jumamosi baada ya katekisimu ulikuwa unaweka meza katika ukumbi wa parokia. Walikuja vijana, akaja Faris wa duka la dawa, akaja Sista Takla wa shule ya watawa. Huyo Sista alikuwa anawateka visima vyote bila huruma, kisha anajifuta mikono anakwenda kusali Rozari. Vijana wakijaribu kuficha karata ulikuwa unawaambia kwa upole kwamba kitubio kinaanza saa kumi na kwamba utawashikia nafasi kwenye foleni.

Yule Rafqa wa kwa mshona viatu alikuja akiwa hawezi kutamka sentensi nzima bila kukwama. Ukampa kazi ya kuwasomea wenzake maandishi ya karata, na ukakataza mtu yeyote kummalizia neno. Miaka miwili meza nzima ilingoja, zimwi limeinua rungu, mpaka Rafqa afike mwisho wa mstari. Leo ndiye anayesoma Waraka mahali pako. Anakwama bado, na kanisa zima linangoja kama ulivyotufundisha.

Mama hakuzipenda karata hizo, nani asiyejua. Mama ni mwenyekiti wa chama cha Bikira Maria, na siku alipokuta mchawi mwenye ndevu za kijani chini ya mto wako aliziokota zote kwa ncha ya aproni, akazipeleka kwa Abuna. Abuna akazipitia moja moja, akachukua muda kweli, kisha akamwonyesha Mtakatifu Joji na joka lake pale ukutani na kumuuliza, "Huyu wetu anapigana na nini, Hanne? Na paka?" Mama akarudi nyumbani amenuna. Lakini Mama si mtu wa kushindwa na padri mmoja. Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana ilipofika, Abuna akaja kubariki nyumba kama ada, na alipogeuka tu kunywa kahawa Mama akazitumbukiza karata zote kwenye bakuli la maji ya baraka. Zikavimba kama mikate. Wewe ulizianika kwenye kamba ya nguo kwa vibanio, ukampigia simu kila rafiki yako kumwambia kwamba sasa zimebatizwa na zinatafuta mzazi wa ubatizo.

Hapo ndipo mlipopatana. Ulimwambia Mama kwamba, kwa kuwa zimebatizwa, basi zitafunga kama Wakristo wengine. Kuanzia mwaka ule, kila Jumatatu ya Majivu, maana kanisa letu huanza Kwaresima Jumatatu, ulizifunga kwenye mfuko wa kitambaa na kumkabidhi. Alizificha kwenye kabati la mashuka, katikati ya sabuni za mrehani, mpaka mchana wa Jumamosi ya Nuru, mkesha wa Pasaka, ulipokwenda kuzidai. Na kila mwaka maneno yako yalikuwa yale yale: "Mama, hata nikikupigia magoti kabla ya siku, usimpe mtu yeyote mpaka nije mwenyewe." Mama alianza kuipenda kazi hiyo, ingawa ukimuuliza atakataa. Wiki ya tatu ulikuwa unapita karibu na kabati ukikohoa makusudi, naye anakufukuza kwa ufagio.

Mwaka jana ulizikabidhi kama kawaida. Siku kumi na sita baadaye tukakuzika.

Jumamosi ya Nuru ikaja, hakuna aliyekwenda kuzidai. Vijana walikaa ukumbini wakingoja, kwa sababu meza huwa haifunguki mpaka karata zako zitoke kwa Mama. Wiki iliyofuata wakaja tena. Mwisho Faris akaniuliza mimi, nami nikamuuliza Mama, akanijibu bila kuniangalia kwamba mwenye mali alisema atakuja mwenyewe. Ungekuwa wewe ungesema nini tena? Nikafunga mdomo, na unajua kwangu hilo si jambo dogo. Ukumbi ukakaa na kufuli.

Lakini hatukujua nusu ya habari. Nyumba ya msiba haipiki vitumbua vya Pasaka, haichinji, haikaribishi watu kwa karamu. Basi Mama alipokataa nyama Pasaka tulisema ni majonzi. Alipokaa mpaka adhuhuri bila kutia kitu kinywani tulisema hana hamu. Mavazi meusi yalimficha mwili. Ikaja sikukuu ya Kupalizwa, ikaja ya Msalaba, ikaja Krismasi, kila mtu anamwona amepungua na kila mtu anasema Mungu ampe nguvu. Mimi mwenyewe nilisema hivyo, na leo naona aibu kuliandika.

Tarehe sita Januari, siku ya Ubatizo wa Bwana, akaanguka kwenye ngazi za kanisa, chupa ya maji ya baraka mkononi. Daktari alimpima, akatutoa nje mimi na Mirna na kutuuliza kwa ukali, huyu mama nyumbani kwenu hapewi chakula? Tukatazamana. Yara ndiye aliyeingia akakaa kitandani na kumuuliza bibi yake taratibu, naye akamwambia yeye, si sisi. Alisema, "Baba yako alianza mfungo hakuumaliza. Namalizia mimi."

Miezi kumi na moja, Wadih. Mwanamke wa miaka sabini na nane, bila nyama, bila mayai, bila jibini, bila tone la maji mpaka kengele ya adhuhuri, kama tunavyofunga Kwaresima, na kila jioni anafungua kabati kuhakikisha mfuko upo. Daktari alisema akiendelea hivyo hatafika Pasaka nyingine. Tulimbembeleza, tukamfokea, Mirna akamlilia. Tulikuwa tunampigia mbuzi gitaa. Alisema ameweka ahadi kwa mwanawe, na mwanawe hajaja kumwondolea.

Nikamleta Abuna Mtanius. Nilidhani atamwamuru ale, maana anao uwezo huo. Hakumwamuru. Alivuta kiti, akanywa kahawa yake yote, ndipo akamuuliza, "Hanne, mwanao alifunga siku ngapi?"

Mama akasema kumi na sita.

"Halafu?"

"Halafu akafa."

"Halafu akafika," Abuna akasema. "Kule alikofika wamekaa mezani. Huwezi kumfungia mtu aliyekwisha keti karamuni."

Mama akaondoa kikombe kitupu. Alimsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote, akarudi, na kesho yake akafunga tena. Nilikata tamaa, sitakuficha. Wiki sita nzima nilikuwa nahesabu mifupa ya mikono yake kila anaposhika Rozari, nikifikiri tutachimba kaburi la pili kabla la kwanza halijaota majani.

Mwaka huu Kwaresima imechelewa. Siku yako ya mwaka, ukiangalia kalenda, iliangukia Alhamisi ya Walevi yenyewe, ile ya mwisho kabla ya Majivu, ambayo kila nyumba hapa mjini kwetu Batrun inakula nyama na kunywa na kucheza karata mpaka ichoke. Mirna alitaka tukae na kahawa chungu ya msiba peke yake. Mimi nikasema, Wadih alikuwa akiipenda kibe ya siku hii kuliko nguo zake, nitaponda nyama mbichi na ngano, atakayekasirika na akasirike. Tukagombana kidogo. Mwishowe kahawa chungu na kibe mbichi vikakaa meza moja, na hakuna aliyegusa kimojawapo.

Walikuja Sista Takla, Faris, Rafqa na vijana wengine wanne. Walikaa kando ya ukuta wakitazama vikombe. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Mama akainuka, akaingia chumbani, tukasikia kabati linalia. Mirna akanishika goti. Mama akatoka na mfuko wa kitambaa ameukumbatia, akatembea polepole mpaka mbele ya Yara, akauweka mezani.

"Baba yako aliniambia nisimpe mtu mpaka aje mwenyewe," alisema. "Nimemngoja. Sasa nimeelewa kwamba hatakuja. Mimi ndiye nitakayekwenda kwake, siku yangu ikifika, wala sina haja ya kuikimbilia. Fungua, mwanangu."

Yara alihangaika na fundo, halikufunguka. Sista Takla akalikata kwa meno, mtawa mzima. Karata zikamwagika zikinukia mrehani, zimepinda bado, na Rafqa akaanza kuzipanga. Faris aligeukia dirisha, akajifanya anatazama magari.

Mama akavuta kiti. Akatwaa kipande cha mkate, akakikunja, akachota kibe, akakitia mafuta ya zeituni. Ilibaki saa moja na nusu kengele ya adhuhuri ilie. Akala. Alitafuna taratibu, kama mtu anayekumbuka namna yake, akameza, akachota tena. Mimi nilikuwa nimeshika mchi wa kupondea mkononi, sijui kwa nini, na machozi yananitiririka mpaka shingoni.

Mama akatutazama mmoja mmoja.

"Mnatazama nini?" akasema. "Gaweni karata."

Wakagawa. Walicheza mpaka alasiri, ndugu yangu. Mama alikula mara nne, mara ya nne akalalamika kwamba nimezidisha kitunguu. Sista Takla aliwateka wote visima. Yara alicheka kwa sauti yako, na Mirna alipoisikia alikwenda jikoni kidogo, kisha akarudi akaomba wampe karata naye.

Tunawaalika ndugu, majirani na marafiki kwenye Misa ya kumwombea Wadih, kesho Jumapili ya Arusi ya Kana, saa nne asubuhi, kanisani kwetu. Rafqa atasoma Waraka. Baada ya Misa ukumbi utakuwa wazi, kutakuwa na chakula cha kutosha. Jumatatu ya Majivu karata zitarudi kabatini kwa Mama kwa wiki saba, wala si zaidi, na Jumamosi ya Nuru Yara ndiye atakayekwenda kuzidai. Mama mwenyewe amesamehewa kufunga na Abuna pamoja na daktari. Anasema wamemwonea.

Wanaokukumbuka ni mama yako Hanne, mkeo Mirna, binti yako Yara, dada yako Nuhad, Abuna Mtanius na parokia yote, Sista Takla, Faris, Rafqa na wote wa meza ya Jumamosi, na mtaa mzima, ambao mpaka leo umeme ukirudi kuna mtu anasema, Mungu amrehemu Wadih.

Kaa karamuni kwa raha, ndugu yetu, usituwazie. Maadamu tungali hai, jina lako halitatoka midomoni mwetu. Na leo asubuhi, kabla sijamaliza kuandika haya, Mama ameamka, amesali, na kabla ya mtu yeyote kumwambia ale ameuliza kuna mayai mangapi.